Turubai la Kijani Juu ya Bwawa

Kariakoo, Dar es Salaam
12 Mei 2024

Husna, mke mwenzangu,

Marahaba. Naitanguliza kwa sababu wiki nzima hukuniamkia, na mimi si mtu wa kusubiri salamu mlangoni. Huku tumo. Babu yako Humoud mzima wa masikio tu, macho ndiyo yameshakwenda. Jana kamwagia kanzu chai akasema mimi nimemsukuma. Mama yako Azza yuko kwake Magomeni, mguu umepungua kuvimba. Ghorofa la jirani limezidi kupanda, jua hatulioni tena, chumbani tunawasha taa mchana kama wachawi.

Barua hii nampa kondakta wa basi la Lushoto, na wewe ukijibu mpe huyo huyo. Simu nimeitia kabatini. Kwenye simu nikikuuliza hali unasema poa, nikiuliza kazi unasema poa, nikiuliza umekula nini unasema mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Tena babu yako anapenda nimsomee. Nilisoma kisomo cha watu wazima mpaka cheti, sitaki kikae bure.

Sasa la maana. Kabla hujakata simu uliniambia hoteli wanataka kuifunga hiyo spa yenu kwa ajili ya umeme. Nimelala nalo hilo neno na sijalielewa. Watu wana bafu majumbani kwao, wanapanda mlima wenye baridi, wanalipa waingie kwenye maji moto nje uwanjani. Wakitoka hapo wanajifungia kwenye chumba cha mvuke kama mihogo. Haya, ni wao na ngozi zao. Lakini fundi wa maji hayo ni wewe. Wakifunga unakwenda wapi? Utarudi hapa tukae tunatazamana? Nieleze yote, usinichagulie. Na uvae soksi.

Bibi yako,
Sabaha


Lushoto
20 Mei 2024

Shikamoo Bibi. Shikamoo Babu. (Bibi, msomee kwa sauti, na usiruke. Nakujua.)

Mimi sijambo. Baridi imeanza, ukungu unalala juu ya nyasi mpaka karibu na saa nne. Mzee Zakayo wa bustani ananiletea magimbi ya kuchemsha kutoka kwake na ananifundisha Kisambaa. Nikikosea anacheka mpaka anaweka reki chini. Kwa hiyo usihangaike, ninakula, na soksi ninazo.

Habari ya umeme ni ya kweli. Mwenye hoteli alikuja akaitupa bili mezani kwa meneja wetu, Bryson. Alisema spa peke yake inakula umeme kuliko vyumba vyote na jikoni, na kama hatujapunguza kabla ya msimu wa wageni anaifunga. Si mimi tu nitakayeondoka. Kuna dada wa masaji na yule wa taulo, na wote wana watoto.

Nimefanya ninayoyaweza. Chumba cha mvuke kilikuwa kinachemka siku nzima hamna mtu ndani, sasa nakiwasha mgeni akiweka miadi. Chujio nimelisafisha ili pampu isisukume kwa tabu, na usiku naipumzisha. Jakuzi ina mfuniko wake. Linalonishinda ni bwawa kubwa. Liko wazi, hita inapasha usiku kucha, na joto lote linatokea juu linaondoka na upepo. Ukisimama pale alfajiri unaona maji yanatoa moshi kama chungu. Bibi, tunapasha moto mlima.

Dawa yake ni kulifunika usiku. Kuna plastiki maalumu yenye mapovu, inaelea juu ya maji, inaagizwa nje, na lazima pawe na uzio kuzunguka. Meneja anasema hawezi kuisubiri. Ameniuliza kama kuna kitu cha karibu zaidi. Nikamwambia babu yangu ni fundi turubai wa Kariakoo tangu ujana wake. Sijui kama nimekosea kulitaja hilo.

Mjukuu wenu,
Husna


Kariakoo
9 Juni 2024

Husna, mke mwenzangu,

Marahaba, na babu yako anaitikia kwa upande wake. Nimemsomea yote, hata pale uliponisengenya kwamba naruka. Kacheka sana, nikamnyima sukari. Mama yako anakusalimu. Mvua zimekwisha ila matope ya mtaani hayajaambiwa.

Hujakosea kabisa. Ungekosea kunyamaza, nyumba ina mafundi halafu watu waende dukani. Meneja wako amekuja mwenyewe na dereva wake kwa pikapu ya hoteli, nikiwa naanika nguo. Kijana mrefu, viatu vyeupe, anakanyaga matope kama kuku aliyenyeshewa. Nikamwambia, "Baba, hayo hayaumi, njoo." Akacheka, akakaa, akanywa chai, vitumbua akala vyake na vya babu yako. Ana adabu. Akasema, "Bibi, bila Husna ile spa ni kisima." Nikasema huyu ndiye mtu.

Nikamtandikia vitambaa. Mimi nilitaka bluu, maji ni bluu. Yeye akataka kijani kifanane na nyasi, mgeni akifungua dirisha asubuhi asidhani yuko msibani. Nikaona ana akili. Huku turubai likisimama mtaani kila mpita njia anauliza nani kafa.

Nimelishona mwenyewe siku hiyo hiyo kwa vipimo alivyoleta, wao wakingoja. Babu yako kakaa pembeni anapapasa mshono kwa vidole, kosa hakulipata, na alilitafuta. Pembeni kote nimetoboa na kutia pete za chuma kama turubai la lori la mizigo. Likivutwa linalala sawasawa kama kitanda cha bibi harusi. Babu yako akaanza maneno yake ya kizee, shimo sijui nini, tukamcheka mimi na meneja wako, chai ikaisha, wakapakia wakaondoka.

Mlikaze vizuri. Fundi anayelegeza kamba ni aibu ya ukoo. Na wageni wakiuliza limeshonwa wapi, semeni kwa Bi Sabaha wa Kariakoo, msijifanye mmeagiza Ulaya.

Bibi yako,
Sabaha


Lushoto
7 Julai 2024

Shikamoo Bibi, shikamoo Babu.

Sijambo, na leo nina furaha kidogo. Turubai limekaa kama ulivyosema. Jioni mgeni wa mwisho akitoka, mimi na mlinzi tunalivuta na kufunga kamba kwenye vigingi. Alfajiri nikipenyeza mkono chini yake maji bado yana uvuguvugu. Hita siku hizi naizima usiku. Bili ilipokuja Meneja Bryson aliisoma, akaisoma tena, kisha akatangaza jikoni kwamba wazo hilo lilimjia akiwa njiani. Spa haifungwi. Dada wa masaji wameninunulia kitenge, na mmoja alilia.

Kuna jambo moja linalonikaa rohoni. Usiku majani ya miti yanaanguka juu ya turubai na umande unalowesha vyote. Asubuhi kwenye ukungu hujui nyasi zimeishia wapi. Mzee Zakayo anasema Mungu kamwongezea bustani na mshahara ni ule ule. Nimemwomba meneja hata kamba ya kuzungushia, amesema ataangalia. Bibi, hapa naomba umuulize Babu: zamani mkifunika kitu kama shimo mlikuwa mnafanyaje? Aniambie nami nifanye, sitasubiri meneja.

Husna


Kariakoo
21 Julai 2024

Husna, mke mwenzangu,

Marahaba. Tunapumua. Babu yako ana kikohozi, nimempaka mafuta ya nazi kifuani. Azza kapata mteja wa vitenge kutoka Kongo, anatembea kama mwenye duka. Huko mtaa wa nyuma kumeungua kibanda cha betri, usiogope, si kwetu.

Nimefurahi turubai limewanyooshea mambo. Nilimwambia kila aliyepita. Hata yule jirani anayejifanya hasikii nilimwambia mara ya pili.

Hilo la kamba na kuzungushia mwachie meneja wako, yeye ndiye aliyesoma. Babu yako sitaki kumchosha na maswali, akianza hanyamazi. Wewe kaza kamba, fagia majani, kazi iende.

Bibi yako,
Sabaha


Kariakoo
15 Septemba 2024

Husna,

Marahaba ya mtu asiyeamkia. Kondakta kapita Jumamosi hana kitu, na ile nyingine hana kitu. Nasimama stendi kama mwenye kudai mzigo, vijana wa pale wameanza kuniita mama Lushoto. Nimetoa simu kabatini, nimeichaji, nimekupigia, hupokei. Mama yako anasema unamwandikia ujumbe "niko bize". Ubize gani wa kuogesha watu?

Kama umeolewa sema. Kama una mimba sema pia, nitakugombeza mara moja halafu tutaendelea. Babu yako kila jioni anauliza barua iko wapi. Juzi nikachukua ile ya Julai nikamsomea tena kama mpya. Akasema, "Sabaha, hii ulishaisoma, na kuna mahali unaifupisha." Mtu haoni lakini anahesabu maneno.

Andika.

Bibi yako


Lushoto
29 Septemba 2024

Shikamoo Bibi. Shikamoo Babu.

Nisamehe kwa ukimya. Sijaolewa. Sina mimba. Nipo.

Bwawa limefungwa kwa sasa kwa matengenezo. Mimi nasubiri kuambiwa.

Naomba unijibu hili moja: Meneja Bryson alipokuja Kariakoo mlikuwa nani na nani? Alisema mwenyewe kwamba turubai ni la kufunika bwawa, kwamba hoteli ndiyo inayolitaka? Mlizungumza nini kingine siku ile? Nikumbushe kila neno, hata lisilo na maana.

Husna


Kariakoo
10 Oktoba 2024

Husna, mke mwenzangu,

Marahaba. Babu yako hajambo kifua. Mama yako aliletewa samaki wa Lindi, wawili kanipa, mmoja ameoza.

Barua yako imenikaa vibaya. Matengenezo gani ya bwawa ambayo fundi wake hayatengenezi? Na maswali yako ni ya kipolisi. Tulikuwa watatu, mimi, meneja wako na babu yako, na dereva nje kwenye gari. Alisema ni la bwawa la hoteli, angesema la nini, la kitanda chake? Mengine tuliyozungumza ni ya chai. Watu wakinywa chai wanasema mengi, nani anashika.

Nakuuliza mara moja na sitarudia. Kumetokea nini huko?

Sabaha


Lushoto
27 Oktoba 2024

Shikamoo Bibi.

Hii usimsomee Babu kwanza. Isome peke yako.

Mwezi wa nane, asubuhi yenye ukungu, Mzee Zakayo alikuja mapema na toroli kukusanya majani. Yalikuwa mengi juu ya nyasi na juu ya turubai. Alipita moja kwa moja. Upande ule kamba zikang'oka kwenye vigingi, turubai likamkunja, akaenda chini nalo. Hakuweza hata kupiga kelele. Mlinzi aliona toroli limepinduka ukingoni akadhani ni mchezo. Mimi nilikuwa kwenye pampu. Tulimtoa tukikata kitambaa kwa kisu cha jikoni, na kitambaa kilikuwa kigumu, Bibi. Kimeshonwa vizuri mno.

Yu hai. Hospitali walimrudishia pumzi lakini akili haikurudi yote. Mkono mmoja unatetemeka, hashiki reki, hashiki kijiko. Mkewe anamlisha. Mimi ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka kitu.

Meneja Bryson ameandikisha polisi kwamba hakuwahi kufika Kariakoo. Anasema turubai nililileta mimi kutoka kwa ndugu zangu bila ruhusa ili nijipatie sifa. Dereva wa pikapu ameacha kazi na hapatikani. Mimi sikuwepo kwenu siku ile, siwezi kuapia nisichokiona. Wanasema ni uzembe, naweza kushtakiwa. Watu walioniona nikimwomba kamba wanaogopa kazi zao.

Bibi, wewe ulimwona. Ulimlisha. Njoo useme hivyo tu.

Husna


Kariakoo
3 Novemba 2024

Husna,

Marahaba. Nimeisoma peke yangu kama ulivyosema, jikoni, ugali ukaungua.

Mungu ampe huyo mzee nafuu. Lakini na wewe nakushangaa. Miezi yote hiyo unabeba kitu kama hicho unaniandikia matengenezo. Mimi ni nani kwako, mpangaji? Na nani alikwambia uache majani yajae juu mpaka mtu asione? Nilisema fagia. Nilisema kaza. Vigingi vikang'oka vipi kama vilipigwa vizuri? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa limevunjika la mwenzio. Kitambaa changu hakina kosa. Mshono wangu hata wewe mwenyewe umeusifia.

Huyo Bryson ni mwana haramu. Vitumbua vyangu vimtoke puani.

Kuhusu kuja, babu yako nitamwachia nani? Magoti yangu unayajua. Mambo ya polisi yana njia zake, mtafute mwanasheria msomi akusemee. Mimi ni mzee wa kisomo, nitasema nini mbele ya watu hao?

Sabaha


Lushoto
24 Novemba 2024

Shikamoo Bibi.

Umeandika karatasi nzima na hukusema kama utakuja.

Wameniita kwa mahojiano ya mwisho, Alhamisi ya wiki ya pili ya Desemba. Baada ya hapo faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka likiwa na jina langu peke yangu.

Nimekuwa nikijiuliza unaogopa nini. Hujawahi kumwogopa mtu. Hata yule mgambo aliyevunja meza zenu ulimfukuza na mwiko. Sasa unaniambia magoti.

Sitakuomba tena.

Husna


Lushoto, gesti ya nyuma ya stendi
Alhamisi usiku, 12 Desemba 2024

Husna,

Leo sikutangulizii marahaba. Umepita mbele yangu pale kituoni na hukuniamkia, na sina ninalokudai.

Unajua tayari niliyoyasema. Ulikuwa kwenye benchi. Lakini nayaandika kwa sababu pale nilisema kwa askari, na wewe ndiye niliyepaswa kukwambia kwanza.

Barua yako ya mwisho ilinishinda. Niliichukua pamoja na zote za nyuma, nikakaa kitandani kwa babu yako nikamsomea zote, bila kuruka, hata ile ya Zakayo. Nilipofika pale pa Julai, pale ulipouliza zamani tulikuwa tunafanyaje, akanishika mkono akasema, "Hapo ndipo ulipofupisha." Nikasema ndipo. Akasema, "Na mtoto hukumwambia?" Nikasema sikumwambia. Akageukia ukutani. Mpaka kesho yake hakula kwangu. Halafu akasema neno moja tu: "Nenda."

Haya, nakueleza. Siku ile ya chai babu yako alimwambia Bryson, "Baba, turubai likifunika shimo lazima lipigwe kitambaa chekundu, katikati na kwenye pembe zote, mtu ajue chini hamna ardhi." Ndiyo desturi ya mafundi wote wa Kariakoo, kwenye karo la maji machafu, kwenye msingi wa nyumba, kila mahali. Bryson akasema, "Mzee, hoteli yangu si lori bovu." Nikacheka. Babu yako akapapasa kapuni, akakata vitambaa vyekundu mwenyewe kwa makasi, akanipa mkononi. Nikasema unataka kumtia mtoto aibu mbele ya wazungu, turubai zuri namna hii ulitie viraka kama la mkaa. Vile vitambaa nikafutia mafuta ya cherehani.

Niliona aibu ya kitambaa, sikuona shimo. Na ulipouliza nikaogopa babu yako ataonekana ndiye aliyejua.

Pale kituoni yule dada askari aliponiuliza, "Bibi, huyu unamfahamu?" nikasema namfahamu, nimemlisha. Bryson akasema, "Huyu ni mzee, anachanganya watu." Nikamwambia, "Siku ya vitumbua hukuniona mzee, uliniona mpishi." Nikamtajia viatu vyake, nikamtaja na dereva wake kwa jina, tukataniana naye siku ile kwa kuwa ni mtu wa kwetu Lindi. Dada askari akaandika. Mpaka hapo nilikuwa naweza kusimama nikaondoka, na ingekutosha wewe.

Akauliza, "Kuna mtu yeyote siku hiyo alitoa tahadhari?"

Nikaangalia meza. Nikasema, "Mume wangu."

"Nani aliyeikataa?"

Nikasema, "Huyu alicheka. Aliyekataa ni mimi. Sindano ilikuwa mkononi mwangu, si mwake."

Akaniuliza kama najua maana ya ninachosema. Nikamwambia nimejifunza kusoma nikiwa mtu mzima, neno likiwa langu nalijua. Ndipo nilipokuona umeinua kichwa. Uliniangalia kama hujawahi kuniona.

Kesho asubuhi nitakwenda kwa Zakayo, kisha nirudi, babu yako yuko na Azza. Barua hii naiacha kwa mama wa gesti.

Sabaha


Lushoto
5 Januari 2025

Shikamoo Bibi. Shikamoo Babu.

Nimeachiwa. Dereva amepatikana Korogwe na amesema kama ulivyosema. Sasa faili lina jina la Bryson, na wewe wamekuandika shahidi, unaweza kuitwa tena. Bryson yuko nje kwa dhamana na hoteli imemsimamisha.

Mwenye hoteli ameagiza ile plastiki ya mapovu na amejenga uzio. Vilifika haraka. Kumbe vilikuwa vinawezekana. Bwawa limefunguliwa na wamemchukua fundi mwingine. Dada wa masaji wananisalimia wakiwa peke yao.

Sirudi Dar kwa sasa. Nalima kile kishamba cha Mzee Zakayo nyuma ya nyumba yake, na jioni namtembeza mpaka barabarani tukarudi. Ananiita kwa jina la dada yake. Mkewe aliniambia ulikwenda, ukakaa nao asubuhi nzima, ukawapa kila ulichokuwa nacho mpaka kanga ya begani, na maji waliyokupa hukuyanywa.

Bibi, barua ya gesti nimeisoma mara nyingi. Ya vitambaa nayaelewa. Ulitaka nionekane mbele za watu. Lakini mimi niliuliza. Niliandika kwa mkono wangu, Julai, Zakayo akiwa mzima anacheka, na wewe ulisoma ukaruka. Hapo siwezi kupita. Najaribu, nafika hapo nakwama.

Sijui nikwambie nini. Nikijua nitaandika. Kwa sasa naomba usinijibu.

Husna


Kariakoo
19 Januari 2025

Husna,

Umesema nisijibu. Sijibu. Hii ni karatasi ya kufungia sweta, baridi ya huko nimeshaionja.

La kijivu ni lako. Hilo kubwa ni la Mzee Zakayo. Nilikaa naye asubuhi yote ile na sikuthubutu kumpima, nimefuma kwa kukisia. Mikono ikiwa mirefu mpe kondakta anirudishie, nitafumua.

Sabaha